Sadaka ya Asiyeulizwa

Ndugu msomaji, liko swali moja ambalo wengi hulipita mbio kwa kudhani kuwa jawabu lake ni jepesi. Mtu akiondolewa kitu chake kwa ajili ya jambo la haki, na jambo lenyewe kweli likawa la haki, lakini mwenye kitu hakuulizwa, je, tuseme kuwa ametoa? Na ikiwa hakutoa yeye, aliyetoa ni nani? Tuna mazoea ya kumsifu kila aliyepoteza kitu kwa ajili ya umma kuwa amejitolea. Neno hili lataka kuangaliwa vizuri. Kujitolea ni tendo la nafsi, na nafsi isiyoulizwa haijatenda, imetendwa.

Kisa nitakachokitumia ni cha mkimbiaji. Usiseme, "Mbio zatuhusu nini sisi?" Ngoja kwanza.

Sisi watu wa pwani tukiutaja mji wa Arusha, hutujia akilini baridi, kahawa, na Mlima Meru uliosimama nyuma ya mji ule kama mzee aliyeketi barazani, kimo chake chapita mita 4,500. Wapenda mashairi hukumbuka pia kuwa uwanja wa michezo wa mji huo wabeba jina la Sheikh Amri Abeid, bingwa wa kanuni za utunzi. Mji wenyewe uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mgeni kutoka Tanga au Unguja akikimbia kidogo huko huhema, akadhani amezeeka ghafula. Si uzee. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko yetu, na mwili wa aliyekulia huko hujifunza tangu utotoni kutumia vizuri pumzi chache. Damu yake huzidisha zile chembe nyekundu zinazobeba hewa. Mtu huyo akishuka huku chini akakimbia, huwa kama mchukuzi aliyetuliwa mzigo. Ndiyo maana nchi ile ya juu, tangu miteremko ya Meru hata Karatu, Mbulu na Hanang, imetoa wakimbiaji kama Lamu ilivyotoa manahodha.

Karatu huifikia kwa kuiacha Arusha ukaelekea magharibi, ukapita Makuyuni na Mto wa Mbu, kisha ukaupanda ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa. Huko ndiko alikozaliwa Filbert Bayi mwaka 1953. Alikua, akaingia Jeshi la Wananchi, akakimbia. Mwaka 1972 alikwenda Olimpiki ya Munich, Ujerumani, akatolewa katika mchujo, wala hapakuwa na aliyemtazama mara mbili. Miezi michache baadaye, Januari 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mita 1500. Huyo Keino ndiye aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa masafa hayo mwaka 1968, na jina lake lilitajwa katika kila nyumba ya Afrika Mashariki.

Kisha ikaja tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Yafaa ujue kuwa mbio hizi za mita 1500 zina hila nyingi. Mkimbiaji hujificha nyuma ya mwenziwe, amwachie yeye akate upepo na kuweka mwendo, naye abaki akihifadhi nguvu zake, hata mzunguko wa mwisho ajitokeze ghafula na kumpita. Bayi hakujificha. Bastola ilipolia alitoka mbele, na mbele akabaki. Alipomaliza mita 800 alikuwa amewaacha wenzake mbali, na watazamaji wakawa wangoja achoke waone vumbi likimfunika. Hakuchoka. Katika hatua za mwisho John Walker, kijana wa New Zealand, alimkaribia sana, naye Ben Jipcho wa Kenya yuko nyuma yao. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaivunja rekodi ya dunia aliyoiweka Jim Ryun wa Marekani mwaka 1967. Walker naye aliupita muda ule wa Ryun, lakini mwaka ule ikawa ni hasara yake kuwa ameupita akiwa wa pili.

Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaica, Bayi aliichukua na rekodi ya maili moja, kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Agosti ya mwaka huo huo Walker akaivunja mjini Göteborg, Sweden, kwa dakika 3 na sekunde 49.4. Basi kila mmoja akawa na yake, Bayi mita 1500 na Walker maili, na wapenda michezo wa dunia nzima wakawa wangoja Olimpiki ya Montreal, Canada, Julai 1976, ambako wawili hawa wangekutana na neno likakatwa.

Hawakukutana.

Mwaka huo timu ya raga ya New Zealand iliamua kwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Tarehe 16 Juni polisi wa huko waliwafyatulia risasi watoto wa shule wa Soweto waliokuwa wakiandamana kukataa kusomeshwa kwa lugha ya Kikaburu. Haukupita hata mwezi, na timu ile ikawa viwanjani Afrika Kusini inacheza. Nchi za Afrika zikaitaka Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iizuie New Zealand isishiriki Montreal. Kamati ikajibu kuwa raga si mchezo wa Olimpiki, hivyo jambo hilo haliihusu. Basi nchi zaidi ya 20, nyingi zikiwa za Afrika, na Tanzania miongoni mwao, zikaisusia michezo ile. Walker akashinda medali ya dhahabu ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 39.17, mwendo wa polepole kuliko ule wa Bayi wa Christchurch kwa karibu sekunde 7. Zilikuwa mbio za kujificha na kuviziana. Aliyekuwa na tabia ya kutoka mbele hakuwapo.

Wako wakumbushao kuwa Bayi alikuwa ameugua malaria karibu na siku zile, na kwamba huenda hata angekwenda asingeshinda. Huenda. Lakini maneno hayo hayapunguzi kitu. Mtu aliyezuiwa mlangoni haambiwi kuwa hata angeingia karamuni asingekuwa na hamu ya kula.

Sasa, je, kususia kule kulikuwa haki? Mimi nasema kulikuwa haki, wala sisemi kwa kusitasita. Weka medali ya dhahabu katika kitanga kimoja cha mizani na damu ya watoto wa Soweto katika kitanga cha pili, uone kipi kitakachoshuka. Tanzania ndiyo nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, likisema kuwa binadamu wote ni sawa, na Dar es Salaam ndipo ilipokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Nchi iliyowapa hifadhi wapigania uhuru haiwezi kwenda kucheza na kucheka na wanaomkumbatia yule yule anayewaua. Wala haikuwa kazi bure. Mwaka 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana huko Gleneagles, Scotland, kuzuia michezo baina ya nchi zao na Afrika Kusini, na nchi ile haikuiona tena Olimpiki hata mwaka 1992, wakati ubaguzi ulipokuwa ukivunjwa. Anayesema kuwa mgomo wa 1976 ulikuwa upuuzi, hajui asemalo.

Lakini uamuzi kuwa wa haki ni jambo moja, na nani aliyeulipia ni jambo jingine. Twajua sote tangu tulipokuwa chuoni kuwa mtu hatoi sadaka kwa mali ya mwenziwe. Ukimchukua mbuzi wa jirani bila ruhusa yake, ukamchinja, ukawalisha mayatima, mayatima wameshiba kweli. Lakini mbuzi yule bado ni deni juu yako.

Atasema mtu kuwa miguu ya Bayi haikuwa mali yake peke yake. Jeshi lilimlea, serikali ilimsafirisha, fulana aliyoivaa ilikuwa na jina la Tanzania, na kipaji chenyewe ni amana kutoka kwa Mwenyezi Mungu. Yote haya ni kweli. Amana ina wenye haki wengi. Lakini wa kwanza miongoni mwao ni yule aliyeibeba, aliyeamka kabla ya jua akaenda kukimbia wengine wakiwa chini ya shuka. Na tena liko jambo ambalo mali ya kawaida haina. Fedha zikichukuliwa leo zaweza kurudishwa mwakani, na nyumba ikivunjwa yaweza kujengwa. Bayi mwaka 1976 alikuwa na umri wa miaka 23. Umri ule hakuna serikali iwezayo kuurudisha, hata ikitaka, hata ikitubia. Kwa hiyo nasema mawili pamoja: nchi ilifanya lililo haki, na nchi ilibaki na deni. Watu wengi hawapendi kuyashika mawili haya kwa mkono mmoja. Hudhani kuwa haki ikitendeka deni hufutika lenyewe.

Hapa namkumbuka Muhammad Ali, ambaye jina lake halihitaji maelezo majumbani mwetu. Mwezi Aprili 1967 alikataa kuingia jeshi la Marekani kwenda kupigana Vietnam. Akavuliwa ubingwa, akazuiwa kupigana hata Oktoba 1970, kuanzia umri wa miaka 25 hata 28, nayo ndiyo miaka ambayo mwanamasumbwi huwa na nguvu zake zote. Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa haki yake mwaka 1971. Hasara yake, kwa hesabu ya miaka na fedha, ilikuwa kubwa kuliko ya Bayi. Lakini Ali aliulizwa, akajibu kwa ulimi wake, akijua bei. Vivyo hivyo John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyekimbia marathoni ya Mexico mwaka 1968 na goti lililojeruhiwa, akafika uwanjani wa mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi: angeweza kupanda gari, lakini alichagua kumaliza. Twaweza kusema bila wasiwasi kuwa wawili hao walitoa. Kwa Bayi twapaswa kutafuta neno jingine.

Na dunia ina mambo. Mwezi Februari 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma huyo huyo Muhammad Ali barani Afrika, aziombe nchi zetu ziisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Warusi wameingia Afghanistan. Alifika Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye. Aliona si heshima kuletewa mcheza ngumi katika jambo la dola kwa dola. Waandishi wa habari wakamuuliza Ali, kwa nini Waafrika waisusie Moscow kwa ajili ya Marekani, hali Marekani haikususia Montreal kwa ajili ya Waafrika? Ali, ambaye hakukosa jawabu hata mbele ya Sonny Liston, jambo hilo hakuwa ameelezwa. Siandiki haya kumpunguzia heshima. Nayaandika kwa kuwa yaonyesha jinsi ilivyo rahisi, hata kwa mtu aliyelipa bei ya "hapana" yake mwenyewe, kutumwa akawaombe wengine wailipe ya mtu mwingine.

Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi alikuwa na miaka 27. Rekodi yake ya mita 1500 ilikuwa imekwisha kuvunjwa na Sebastian Coe wa Uingereza mwezi Agosti 1979. Akaziacha mbio zilizompa jina, akaingia mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akazikimbia vile vile alivyojua: mbele, peke yake, hali wenzake wanamkodolea macho mgongoni. Katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland alimfikia na kumpita. Bayi akapata medali ya fedha, na katika michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5000. Hata baada ya Olimpiki ya Paris ya 2024, medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imepata kuzipata.

Usitafute hesabu inayolingana katika mambo haya. Aliyemshinda Nyambui alikuwa Miruts Yifter wa Ethiopia, ambaye naye alifungiwa mlango wa Montreal. Akangoja miaka minne, akaondoka Moscow na dhahabu mbili. Mike Boit wa Kenya alifungiwa 1976, kisha nchi yake ikasusia tena 1980, na dhahabu ya Olimpiki hakuipata kabisa. Wako watu ambao hupenda kumfariji aliyekosa kwa kumwonyesha masaibu ya waliopata. Watakwambia kuwa Malinowski alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1981, naye Walker alitangaza mwaka 1996 kuwa ana maradhi ya Parkinson, maradhi yale yale yaliyomtetemesha Ali hata kufa kwake mwaka 2016. Faraja ya namna hii siipendi. Msiba wa mwenzio haukulipi deni lako.

Lililo muhimu zaidi kwangu ni alivyoishi Bayi baada ya miguu kupoa. Mabingwa wengi, makofi yakisha, hubaki wakizunguka na picha zao za zamani kama mjane na nguo za marehemu. Yeye na mkewe walianzisha shule, wakianza na watoto wadogo Kimara, Dar es Salaam, kisha wakaendelea hadi Kibaha, mkoa wa Pwani, ambako shule zilizo kwa jina lake husomesha na kukuza michezo. Na kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Tazama hapo kidogo. Mtu aliyefungiwa mlango wa Olimpiki akiwa katika kilele cha nguvu zake, ndiye aliyekaa ofisini akiandika barua na kushughulikia safari ili vijana wa nchi ile ile iliyomfungia waupite mlango huo huo.

Je, hiyo ndiyo ridhaa? Ya moyoni ni yake na Mola wake. Lakini vitendo vina lugha yao, na mtu mwenye kinyongo hatumii nusu ya umri wake kuihudumia nyumba iliyomnyima. Mimi naona kuwa kile ambacho mwaka 1976 hakikuwa sadaka yake, kwa kuwa hakuulizwa, huenda amekuja kukifanya kuwa chake polepole, kwa kazi ya miaka.

Ila hapa pana mtego, na wakubwa wengi huingia ndani yake kwa furaha. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya mtu auzaye mali ya mwenziwe pasipo ruhusa, kisha mwenye mali akaridhia. Wako wasemao kuwa biashara ile husimama kwa ile ridhaa iliyokuja nyuma. Na kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu hapa pwani twaifuata, ni kuwa haisimami, kwani ilikuwa batili tangu mwanzo. Mimi si mufti, nami natumia mfano huu kwa mambo ya tabia tu. Lakini ukali wa kauli hii ya pili una hekima yake. Wazuia yule aliyechukua asiseme, "Mbona mwenyewe ameridhika?" Subira ya mdai si stakabadhi ya mdaiwa. Bayi akisamehe, hiyo ni ihsani yake. Haiwi ushahidi kuwa hakuna kilichochukuliwa.

Deni la namna hii fedha huweza kulipa sehemu yake ndogo tu. Hulipwa kwanza kwa kulitaja kuwa ni deni, na kwa kumtaja mwenye kudai kwa jina lake. Rekodi ya Michezo ya Madola aliyoiweka Bayi siku ile ya Christchurch ilikaa miaka 48. Ilivunjwa Agosti 2022 mjini Birmingham, Uingereza, na Oliver Hoare wa Australia, kwa dakika 3 na sekunde 30.12, naye alikuwa bado hajazaliwa wakati Bayi alipoiweka. Jina la mtu wa Karatu likatajwa siku ile na watangazaji wa nchi za mbali. Lakini kutajwa kwa jina la rekodi na kutajwa kwa deni ni vitu viwili, na hiki cha pili ni kazi ya wenye nyumba.

Umeuliza mbio zatuhusu nini. Basi tazama ndani ya nyumba zetu, ikiwa ni Mombasa, Tanga, Bagamoyo, Lamu au Unguja. Baba amefariki, au duka limefilisika, na watoto ni sita. Wa kwanza ni msichana, hodari wa hesabu, bado mwaka mmoja amalize darasa. Wajomba na mama wadogo hukaa baraza, ikakatwa shauri kuwa atabaki nyumbani, amsaidie mama kukaanga maandazi ya kuuza na kuwalea wadogo zake, ili wao wasome. Pengine hapakuwa na njia nyingine. Simlaumu mzazi aliyepewa vitu viwili achague na vyote vichungu. Lakini je, binti yule aliitwa katika baraza lile? Aliketishwa akaambiwa, "Mwanangu, twakuomba kitu kikubwa, nasi tutakuwa na deni lako"? Aghalabu, la. Aliambiwa tu, kesho usiende. Miaka 20 ikapita, mmoja wa wale wadogo akawa daktari. Siku ya harusi yake mjomba asimama kutoa shukrani. Awashukuru walimu, amshukuru marehemu baba, aishukuru na serikali. Dada yuko uani apakua biriani, na kila neno alisikia.